Mwaka Uliokwanguliwa

Laureano analiweka gitaa mezani kwangu
kama mtu anayemlaza mgonjwa asiyempenda.
"La babu," anasema. "Kabla ya vita. Soma mwenyewe."
Ametoka Almería kwa basi la alfajiri
na bei yake ameshaipangia matumizi.

Mimi sianzi kwa kusoma. Nanusa.
Naweka pua tunduni: vumbi, mvinje,
gundi ya ngozi, na kwa mbali kidogo, sabuni.
Kisha naingiza taa isiyozidi jino kwa ukubwa,
na kioo cha daktari wa meno kilichokatika mpini.
Humo ndani ni chumba kisichowahi kufagiwa.
Mbavu saba. Buibui mmoja, marehemu.
Na lebo, sakafuni, chini ya tundu,
rangi yake chai iliyosahauliwa:

ANSELMO BERRUEZO, FUNDI WA MAGITAA
MTAA WA JAMHURI, NAMBA 9, GRANADA
MWAKA WA 193

na mbele ya ile tatu, kwa mkono, moja.

"Thelathini na moja. Si nilikwambia?"

Ngoja, bwana. Karatasi haina haya,
wino ndio unaoona haya.
Tazama Jamhuri: imekatwa kwa mstari wa rula,
na juu yake, kwa mwandiko wa mwanafunzi: Mt. Kajetano.
Mtaa ule ulipewa mtakatifu vita vilipokwisha,
watu walipokuja na ngazi na vibao vipya.
Thelathini na moja nani angemwandika
mpangaji ambaye hajahamia?

"Labda waliongeza baadaye."

Labda. Hiyo ndiyo aproni yangu ya kazi.
Nazima taa ya dari,
naulaza mwanga ubavuni mwa karatasi
hadi kila mkwaruzo uote kivuli.
Ile tatu ya chapa: tumbo lake limekwanguliwa kwa wembe,
kalamu imepita juu yake mara mbili.
Wino wa dukani umefifia, chapa imerudi,
kama doa la mafuta chini ya chokaa.
Ilikuwa nne.
Arobaini na moja, Laureano. Mwaka wa njaa.
Lebo za zamani zilibaki boksi zima,
za kuchapa mpya hapakuwa na senti.

Anahesabu kimya. Namwona akipunguza.

Lakini sasa mimi ndiye nisiyelala.
Kwa maana mtaani kwetu kila fundi anajua
Anselmo alichukuliwa mwaka wa thelathini na tisa,
akarudi arobaini na sita na vidole vinane.
Nani basi alilipinda hili ubavu?
Nani aliinama juu ya moto?

Nageuza kioo kitazame dari ya gitaa,
mahali ambapo hakuna mnunuzi anayetazama.
Penseli. Herufi zimepinduka, nasoma kinyumenyume:

*Casilda. Mbao za kitanda cha mama.
Baridi, gundi haishiki.
Imelipwa: sabuni kilo sita, mafuta chupa mbili.*

"Kwa hiyo ni bandia," anasema Laureano.

Nimeulizwa hilo mara nyingi na sijawahi kulijibu vizuri.
Jina la baba ni la baba, duka ni lake,
gundi ni ya sufuria yake.
Mkono tu ndio wa binti,
na mwaka ule mkono usingeuza hata kijiko.
Nataka kumwambia hivyo, lakini yeye tayari ameketi,
kofia gotini, anaangalia viatu vyake.

"Babu aliuza sabuni," anasema.
"Alikuwa na kibanda nyuma ya soko. Hakujua kupiga gitaa.
Hata wimbo mmoja. Tulimcheka."

Anaomba kioo. Anaona jicho lake kwanza,
kisha ukuta, kisha buibui,
kisha anakaa muda mrefu bila kupepesa.
Basi la kurudi ni saa nane.

Nachukua kitabu cha risiti.
Lebo: halali. Mwaka: 1941, nina hakika.
Mtengenezaji:
nafasi waliyoacha wachapaji ni fupi,
naandika kwa herufi ndogo, napanda hadi pambizoni.